Kiti cha Kaisari

Majuzi nilialikwa harusi ya mtoto wa jirani, kule Lipangalala. Bwana harusi alichelewa, kama ilivyo desturi yao siku hizi, na vijana wa ngoma walikuwa wamekoka moto wanazipasha ngozi za ngoma zao ili zikaze. Mmoja wao akachukua donge la nta, akalibandika katikati ya ngozi ya ngoma kubwa, akalikandamiza kwa kidole gumba, akagonga, akasikiliza, akaongeza nyingine. Nta ilipopata joto harufu yake ikanifikia pale nilipokaa na wazee wenzangu, na sikusikia tena waliyokuwa wakiyasema. Kisha wakaanza kupiga. Tarumbeta ikaingia juu ya ngoma, na wasichana wakaimba wakikinyooshea mkono kile kiti cha bwana harusi kilichopambwa kwa majani: kiti kipo, mwenyewe yuko wapi. Watu wakacheka. Sasa wimbo huo ni wa kumtania bwana harusi mchelewaji.

Kijana mmoja mwenye miwani ya jua akanieleza, bila kuulizwa, kwamba wimbo huo uliletwa na bendi moja kutoka Dar es Salaam. Mwenzake akakataa, akasema umetoka Mahenge, babu yake alikuwa akiuimba. Sikubishana nao. Mwanamke wa umri wangu akishindana na vijana habari za ngoma, watamnyanyua wamwambie aoneshe. Lakini nyumbani nilikaa nikafikiri kwamba tuliobaki tunaojua ule wimbo ulikotoka tunaweza kukaa kwenye mkeka mmoja, na mkeka wenyewe si mkubwa. Kwa hiyo nawaandikia ninyi wa mkekani, mliobebwa mgongoni Wajerumani wangali wanatawala bonde hili. Nikikosea, mnirekebishe.

Baba yangu sina sura yake. Alikwenda Mahenge na wanaume wenzake wakiwa wamenyunyiziwa maji ya dawa, wakaambiwa risasi zitakuwa maji, wakakutana na bombomu, ile bunduki isiyopumzika. Hakurudi, wala hakurudi mtu aliyeshika hata mkanda wake. Vita vyenyewe sikuviona. Nilichokiona mimi ni njaa iliyofuata, maana maghala yalichomwa, na nakumbuka zaidi ladha ya mizizi tuliyochimba porini kuliko jambo lolote ambalo watu wakubwa walilisema kuhusu vita.

Sasa, katika ukoo wetu, mjane alikuwa wa marehemu mpaka ngoma imtoe. Alifungwa utepe wa kaniki kichwani, hakunyoa, alikula kwa chungu chake peke yake, na jambo kubwa kuliko yote, hakushika mbegu. Mkono wake ulikuwa bado wa marehemu, na mbegu aliyoishika ingemfuata marehemu huko aliko, isiote hapa. Wakati wa amani hilo halikuwa tatizo. Msimu mmoja ukipita, ukoo ulikusanyika, kigoda cha marehemu kikatolewa uani, kikatandikwa nguo yake na kuzungushiwa majani mabichi, na asikikalie mtu. Ngoma kubwa ilipigwa. Kisha ikanyamazishwa, mama wa marehemu akalitaja jina la mwanawe, ngoma ikamwitikia, na papo hapo shangazi akaukata ule utepe. Kesho yake mjane alikuwa shambani.

Lakini ngoma zilikuwa zimepigwa marufuku. Serikali ilisema ngoma ndizo zilizowaita watu vitani, basi nazo zilikuwa na hatia. Akida wa Ifakara, mtu wa pwani mwenye kanzu safi na miguu isiyopenda tope, alitangaza kila ngoma kubwa ipelekwe bomani, zikachomwa pamoja. Ngozi ikiungua inanuka vibaya. Watu walisimama wakatazama, kisha wakaenda zao.

Ya kwetu haikuungua. Baba mdogo, mdogo wake baba yangu, ndiye aliyerithi kuipiga, na alikuwa mtu mpole ambaye hakuna aliyemdhania ujanja. Alipeleka bomani kigoma kibovu kilichopasuka. Ile kubwa aliibandua ngozi, akaziba pande zote mbili kwa magome, akaacha tundu dogo, akaipandisha juu ya mti kando ya mto Lumemo. Kwa kila mtu aliyepita ulikuwa mzinga wa nyuki kama mizinga mingine. Baada ya muda nyuki nao waliamini.

Kwa hiyo mama akabaki amefungwa. Tulikuwa na shamba la mpunga, udongo mweusi wa kando ya mto ambao watu waliutamani, na likaota magugu, kwa sababu bibi, mzaa baba, mgongo ulikuwa umemkataa, mimi nilikuwa mdogo, na mama hakuruhusiwa kushika mbegu. Tulikula kwa baba mdogo, ambaye naye alikuwa na watu wake wa kulisha, na mkewe alitupakulia, cha mama katika chungu chake, bila neno, lakini kijiko kilikuwa kinasema. Nakumbuka mama akipepeta. Punje ya mpunga wa mbegu ikimrukia miguuni hakuiokota. Aliniita mimi, hata nikiwa mbali, nije niiokote niirudishe kwenye kibuyu. Nilidhani ni mchezo wetu sisi wawili. Nywele zake zilikuwa zimefunika masikio, na mimi sikuwahi kumwona vingine, kwa hiyo nilifikiri ndivyo mama wanavyokuwa.

Mvua za kupandia zilipoanza tena, mpiga mbiu wa akida akapita vijijini. Njia zifagiliwe. Kila nyumba itoe unga na kuku. Watu wote, wake kwa waume, wafike bomani, wakae chini kwa utulivu, kwa maana ni siku ya Kaisari.

Mnajua nilielewa nini. Ilikuwa siku yake ya kuzaliwa, lakini kwetu siku ya kuzaliwa haikuwa kitu cha kuhesabiwa. Mtoto akizaliwa hakuna mwenye uhakika kama atakaa, sasa utaisherehekea nini? Mtu alikusanyiwa unga na kuku na kufagiliwa njia mara moja tu, akishafariki. Kaisari nilikuwa nimemsikia, ndiye aliyekuwa juu ya bwana mkubwa, Mjerumani wa Mahenge, aliyekuwa juu ya akida. Nikamhurumia kidogo, si sana.

"Mama," nikamwuliza, "Kaisari ana watoto?"

"Watu wakubwa hawakosi watoto," mama akajibu. Alikuwa anachambua mboga.

"Wameshanyolewa kwa msiba?"

"Sijui, mwanangu. Nipe hicho kisu."

Basi nikabaki na elimu yangu.

Siku chache baadaye akida alikuja mwenyewe, miguu imejaa tope mpaka kwenye vigimbi, amekunja kanzu mkononi. Bwana mkubwa alikuwa anashuka kutoka Mahenge na askari wenye matarumbeta, na alikuwa ameagiza kwamba wenyeji nao wacheze ngoma yao kubwa, kumfurahia Kaisari. Akida alikaa kwenye kigoda alichopewa, akanywa maji, akatazama pembeni.

"Nahitaji ngoma," akasema.

Baba mdogo akasema, "Ngoma mlizichoma, akida."

"Najua tulizichoma."

"Hata yangu ilikuwemo."

"Yako ilikuwa imepasuka," akida akasema. "Mimi si mtoto. Nasema hivi: atakayekuja na ngoma siku hiyo, hataulizwa ilikuwa wapi. Ni siku hiyo moja tu. Siku ya pili yake marufuku iko palepale."

Akaaga, akaondoka akiruka madimbwi. Baba mdogo alibaki amekaa, mikono magotini, na nikaona vidole vyake vinapiga taratibu bila yeye kujua.

Kesho yake alipanda mtini na moshi wa nyasi mbichi. Nyuki walimuuma uso mzima, akashuka na macho yaliyovimba, na ngoma ikateremshwa kwa kamba. Watoto wote wa mtaa tulikula asali mpaka tukaugua. Ndani ya gogo kulikuwa na nta imeshika ukutani, akaikwangua akaitunza. Ngozi mpya alitengeneza ya sheshe, yule swala wa majini kwetu, akaiwamba ingali mbichi na kuiacha kwenye jua la kubahatisha kati ya mvua na mvua. Alipoipasha moto mara ya kwanza na kubandika ile nta, uwanja wetu wote ulinuka asali na ngozi. Mama alikuja akasimama mlangoni. Alikuwa anaushika ule utepe kichwani kama anayejiuliza utakatika upande gani.

Nyumba kwa nyumba watu walikuwa wameshaelewana bila mkutano. Ngoma itapigwa siku moja tu. Wajane walikuwa wengi. Basi ngoma ikipigwa imepigwa, na siku ya Kaisari ndiyo itakuwa siku ya kuondoa matanga ya wanaume wote waliobaki Mahenge. Akida atasikia lugha ambayo haielewi vizuri, na bwana mkubwa haielewi kabisa.

Aliyekataa alikuwa bibi.

"Mtu haendi kwa aliyemuua mwanawe kumlilia mwanawe," alisema. Alikuwa anasuka ukili, na hakuinua macho.

Baba mdogo akachuchumaa mbele yake. "Mama, ngoma si ya Wajerumani. Ni ya marehemu baba."

"Ngoma ni ya baba yako, sawa. Na siku ni ya nani?"

Baba mdogo akamwokotea ukili ulioanguka.

"Msimu huu ukipita, mama wa huyu mtoto atakula wapi?" aliuliza baadaye, kwa sauti ya chini. "Sitaweza mwaka mwingine, mama. Nasema kweli."

"Nitakuja," bibi akasema. "Kukaa nitakaa, wameamuru. Jina sitataja."

Na jina lisipotajwa na mama mzazi, ngoma haina cha kuitikia. Hilo lilijulikana hata na sisi watoto. Siku zile zilizobaki mama alifanya kazi zote za bibi kabla hajaombwa, akamchotea maji, akampondea tumbaku yake, na bibi alipokea kila kitu kwa wema na hakubadilika. Walikuwa wanapendana, ndiyo iliyokuwa shida. Bibi hakuwa anamnyima mkwewe ila alikuwa anamlinda mwanawe, na mwanawe alikuwa amebaki na ulinzi huo tu.

Siku yenyewe ilipambazuka bila mvua. Uwanja wa boma ulikuwa umefagiwa mpaka ukaonesha mistari ya fagio. Askari walijipanga, na pembeni yao walisimama wenye matarumbeta ya shaba yanayomeremeta, na mmoja mwenye ngoma aliyoibeba tumboni. Walipopuliza mara ya kwanza nilishika meno yangu, nikidhani yatatoka. Watoto wengine walikimbia. Mimi nikabaki, si kwa ushujaa, bali kwa sababu bibi alikuwa amenikalia pindo la nguo.

Hapo ndipo nilipokiona kiti. Mbele ya boma, chini ya bendera, palikuwa na kiti cha mikono kimetandikwa nguo nzuri, kimezungushiwa majani mabichi ya mgomba, na hakuna aliyekikalia. Juu yake wameegemeza picha ya mwanamume mwenye masharubu yaliyopinda juu. Bwana mkubwa akaja mbele ya kile kiti, akavua kofia yake, akasimama kimya. Askari wote wakatulia. Kwangu mambo yalikuwa wazi. Nilishangaa tu kwamba hakuna aliyelia.

Baada ya hotuba, ambayo akida aliitafsiri kwa ufupi uliotufanya sote tushukuru, tukaambiwa tucheze. Ngoma ya baba mdogo ikaingia uwanjani, uso wake ungali umevimba. Alipoipiga, niliona watu wazima wakishusha pumzi pamoja. Walikuwa hawajaisikia tangu vita. Wajane wakatoka mmoja mmoja wakapiga magoti, na mama wa marehemu husika akasimama, ngoma ikanyamaza, jina likatajwa, ngoma ikaitikia, utepe ukakatwa. Wanawake wakaimba: kiti kipo, mwenyewe yuko wapi. Machozi yalikuwa mengi. Bwana mkubwa alitazama akiwa amekunja mikono kifuani, na alionekana ameguswa.

Ikafika zamu ya mama. Akapiga magoti. Shangazi akasimama nyuma yake na kiwembe. Baba mdogo akanyamazisha ngoma kwa viganja, akaviacha juu ya ngozi, akamtazama mama yake.

Bibi alikuwa amekaa nusu amegeuza mgongo, midomo imefungwa. Kimya kikarefuka. Mtoto wa mtu akakohoa. Akida akasogea na kuuliza mbona wamenyamaza. Nilimwona mama akiinama zaidi, mpaka paji la uso likakaribia kugusa mchanga, na nikajua kwamba kuna kitu kinaharibika, ingawa sikujua ni nini. Nilidhani labda bibi anasubiri. Kwa adabu zetu mwenye msiba mkubwa hutangulia, na nilikuwa nimeona kwamba mmoja hajatajwa bado.

"Bibi," nikamnong'oneza, "mama yake na yule hakuja?"

"Yule yupi?"

"Kaisari. Wa kwenye kiti kile. Hakuna aliyemtaja."

Bibi akageuka. Nadhani mpaka wakati ule hakuwa ametazama mbele hata mara moja. Akakitazama kile kiti, nguo yake, majani yake, picha, kisha yule bwana aliyesimama kichwa wazi juani na kofia mkononi. Alitazama kwa utulivu, kama anayetazama chungu kama kimeiva.

"Nani amekuambia amekufa?"

"Si wameweka kiti?"

Akaitazama tena ile kofia mkononi mwa bwana.

"Kweli," akasema. "Wameweka kiti."

Akanipa mkono nimwinue. Alikuwa akiniita mke mwenzake, kwa utani wa bibi na mjukuu, na akaniita hivyo wakati ule. "Mke mwenzangu, niinue. Kumbe tumefiwa wote."

Akasimama, akanyoosha mgongo wake kadiri ulivyokubali, akalitaja jina la baba yangu. Hakulia alipolitaja. Alilisema kwa sauti ya kumwita mtu aliye ng'ambo ya mto aje kula. Sitaliandika hapa, ila mwanangu wa kwanza ndilo analoitwa. Ngoma ikaitikia, na baba mdogo aliipiga kwa nguvu kiasi kwamba lile donge la nta lilibanduka likaruka. Utepe ukakatwa. Shangazi akamnyoa mama palepale, nywele zikaanguka mchangani, na masikio yake yakatokea. Yalikuwa madogo. Nilifurahi, tena sana, kwa sababu yalikuwa kama yangu.

Wanawake waliposhika wimbo tena, askari mmoja wa matarumbeta, mtu wa mbali mwenye chale mashavuni, ambaye jina lake hatukulijua kamwe, akainua shaba yake akaufuata. Hakuamriwa. Alianza polepole, akitafuta, akaupata, akaenda na sauti za wanawake kama aliyezaliwa kwetu. Baba mdogo akamsikia, akapunguza mwendo, akampa nafasi. Huo ndio mwanzo wa tarumbeta juu ya ngoma katika bonde hili, vijana wangu wa Lipangalala, na haukutoka Dar es Salaam.

Bibi hakuwa amemaliza. Kwa desturi zetu, waliofiwa siku moja hupeana pole. Akachota unga kidogo kwenye kapu la karibu, akatembea taratibu hadi kwenye kile kiti, akaunyunyiza chini ya miguu yake. Askari wawili wakataka kumzuia, bwana mkubwa akawaashiria wamwache. Akampa bibi mkono. Bibi akaupokea kwa mikono miwili, akamtazama usoni.

"Pole, bwana," akamwambia kwa lugha yetu. "Na mimi nilikuwa naye mmoja kama huyo."

Bwana mkubwa akamgeukia akida, anataka kujua mama huyu mzee amesema nini. Akida alikuwa amekaa nasi miaka kadhaa, na zaidi ya tulivyodhani alikuwa ameanza kuelewa. Aliutazama ule unga chini ya kiti, akatutazama sisi sote tulionyamaza.

"Anampa Kaisari hongera," akasema.

Mpaka leo sijui kama bibi aliamini maneno yangu, au aliyaokota tu kwa sababu alihitaji mahali pa kukanyaga. Nilimwuliza nilipokuwa mkubwa. Alisema, "Wewe si ndiye uliyeniambia?" Sikupata zaidi ya hapo.

Asubuhi iliyofuata mama alishika kibuyu cha mbegu kwa mkono wake. Tulikuwa tumechelewa, wengine mpunga ulishafika vifundoni, na mavuno yetu mwaka ule yalikuwa haba. Lakini yalikuwa yetu. Chungu kikawa kimoja nyumbani.

Ngoma ilirudi mtini, na nyuki wakarudi ndani yake. Akida aliitunza ahadi yake, marufuku ikabaki palepale, na siku ya Kaisari ikabaki siku pekee. Basi bonde zima likazoea. Mtu akifariki mwezi wowote, matanga yake yalingoja. Kila mwaka siku hiyo tulifagia njia kabla hatujaamriwa, na wageni walisema hawajaona watu wanaompenda Kaisari kiasi cha kumlilia. Na kwa kuwa ndiyo siku pekee tuliyokutana na matarumbeta, kila kipya katika ngoma zetu kiliingia siku hiyohiyo. Mwaka mmoja vijana walianza kucheza kwa mistari wakigeuka pamoja kama askari. Mwaka mwingine wakaja na bunduki za miti na mishipi myekundu begani, na filimbi ya kuamuru. Mwaka mmoja bwana mpya alileta sanduku lenye pembe kubwa ya bati, akaliweka mezani karibu na kile kiti, na ndani yake mwanamke akaimba bila kuonekana. Watu wakavua kofia. Wengine waliulizana kwa sauti ya chini ni nani huyo, ili mama yake asogee mbele.

Kisha Wazungu wakapigana wao kwa wao. Baba mdogo alichukuliwa kuwa mpagazi, kubebea askari mizigo kuelekea kusini. Wenzake waliorudi walisema walimwacha njiani ana homa, mahali ambapo hawakuweza kupataja vizuri. Ngoma ilikuwa mtini.

Vita vilipokwisha tuliitwa tena bomani, uwanja uleule. Bendera ilikuwa nyingine, marufuku ya ngoma ileile. Mpiga mbiu, kijana tusiyemjua, akatangaza kwamba Kaisari hayupo tena, sasa tuna mfalme wa Waingereza.

Bibi alikuwa haoni tena, nilikuwa nimemshika mkono. "Huyo tulishamlia," akasema, na wazee waliokuwa karibu wakaguna kukubali.

Kisha akainua sauti ili yule kijana asikie. "Na huyu mpya, siku yake ni lini?"

Kijana akacheka. "Bibi, kumbe unapenda sherehe."

Bibi akauliza tena, ni lini. Upande wake wa pili alisimama mke wa baba mdogo, utepe wa kaniki kichwani, mikono ameikunja chini ya nguo. Mvua za kupandia zilikuwa zimeanza.